Kabla ya kununua gari jipya la polisi, soma daftari la gari linaloondoka

Mtu anapokabidhiwa jukumu la kununua magari ya polisi ya kuchukua nafasi ya yale yaliyochakaa, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kuulizia bei. Nimesimamia magari ya Serikali hapa Tanzania kwa muda mrefu, mengi yakiwa ni yale yenye namba za PT, yaani ya polisi, na ushauri wangu kwa ndugu zangu maofisa usafirishaji na maofisa ununuzi ni kwamba bei ije nyuma kabisa. Linalotangulia ni daftari la safari la gari linaloondoka, pamoja na jalada lake la matengenezo, kwa sababu humo ndimo mnamoonekana ni gari la namna gani linalotakiwa, lipelekwe kituo gani, na litegemewe kukaa kazini hadi lini.

Kosa ninalolikuta mahali pengi ni kupima uchakavu wa gari kwa kilomita peke yake. Difenda la doria linaweza kushinda kwenye kizuizi cha barabarani, au kulinda mkutano wa hadhara tangu asubuhi hadi jioni, injini ikiwa inaunguruma ili redio ya mawasiliano na taa zisimalize betri. Kilomita hazisogei, lakini oili inachoka, masizi yanajaa na alteneta, inayochaji betri, haipumziki. Ford, ambayo magari yake hutumiwa na polisi wengi wa Marekani, huwaelekeza wateja wake wahesabu kila saa ya injini kuunguruma gari likiwa limesimama kuwa ni sawa na mwendo wa maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Kwa hesabu hiyo, gari linalounguruma saa 4 kila siku pasipo kwenda popote limezeeka kwa zaidi ya kilomita 6,000 kwa mwezi, na hakuna hata moja kati ya hizo inayosomeka kwenye dashibodi. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba mita ya saa za injini iandikwe katika vigezo vya zabuni, na dereva ajaze saa hizo daftarini kama anavyojaza lita za mafuta. Ratiba ya kubadilisha oili nayo ifuate saa hizo.

Suala hilo linagusa moja kwa moja uchaguzi wa injini. Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo zilianza kuundwa mwaka 1984, zilijijengea heshima katika vituo vya pembezoni kwa sababu ya injini kama 1HZ, yenye lita 4.2, silinda sita na isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), ambayo fundi wa wilayani anaweza kuihudumia bila kompyuta. Injini mpya za dizeli zinatumia mafuta kidogo na zina nguvu zaidi, lakini nyingi zimefungwa chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na chujio hilo hujisafisha kwa joto linalopatikana gari linapotembea kwa mwendo wa kutosha. Ukilipeleka gari la namna hiyo mahali ambapo kazi yake ni kusimama na kuunguruma, chujio litaziba mapema. Mwulize mzabuni waziwazi kama gari analolileta lina chujio hilo, na akujibu kwa maandishi.

Katika kuandika vigezo, eleza kazi kwanza, kisha gari. Doria ya mitaa ya Dar es Salaam, ufuatiliaji wa wezi wa mifugo kwenye mbuga zisizo na barabara na usafirishaji wa mahabusu kwa karandinga ni kazi tatu tofauti, na pikapu ya aina moja haiwezi kuzifanya zote vizuri. Hesabu uzito wa kweli: askari pamoja na silaha zao, mabenchi, vyuma vya kinga, matairi ya akiba na mapipa ya mafuta pale ambapo hakuna kituo cha mafuta. Nikiliangalia jambo hili kwa moyo wangu wote, siwezi kukubali kwamba tuendelee kununua pikapu ambazo askari huketi nyuma bila mkanda na bila fremu imara ya kuwakinga gari likipinduka. Askari hao ni watoto wa watu, na gharama ya mikanda na fremu ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya gari zima. Iwe sharti la lazima, wala isiachwe kuwa nyongeza ya hiari.

Vifaa vinavyofungwa baadaye vinahitaji fungu lake katika bajeti. Redio, king'ora, vimulimuli, betri ya pili na rangi za jeshi huweza kulichelewesha gari karakanani wakati wananchi wanaambiwa kituoni kwamba hakuna usafiri. Tena usidhani kwamba vifaa vya gari la zamani vitahamia kwenye jipya. Ford ilipoacha kutengeneza Crown Victoria mwaka 2011, vituo vingi vya Marekani vilivyokuwa vimeizoea vililazimika kununua upya vizuizi vya ndani ya gari vya kuwatenga wahalifu na vishikizo vya redio, kwa kuwa mwili wa gari lililofuata ulikuwa tofauti. Land Rover nayo ilifunga uzalishaji wa Defender ya zamani Januari 2016. Kwa hiyo mkataba utaje miaka ambayo vipuri vitapatikana, na nani atavileta.

Magari ya Serikali hununuliwa kwa pamoja kupitia GPSA, wakala wa Serikali wa huduma za ununuzi, na zabuni hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni ulioanza kutumika mwaka 2023. Magari haya huagizwa kutoka nje na huchukua miezi kufika, basi maandalizi yanayosubiri mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai yamekwisha kuchelewa. Ninashauri pia ubadilishaji uende kidogo kidogo. Penye magari 70 yanayotarajiwa kukaa miaka 7, omba 10 kila mwaka. Ukinunua yote kwa mkupuo, yote yatachakaa kwa mkupuo. Kenya ilichagua njia nyingine mwaka 2013 ilipoanza kukodi magari ya polisi kwa mikataba ya miaka kadhaa. Njia hiyo ina faida ya kuifanya Serikali ijue malipo yake mapema, lakini anayeifuata asome kwa makini kipengele cha kilomita zinazoruhusiwa na kile kinachosema nani analipia matengenezo.

Gari jipya likishapokelewa, lile la zamani liondolewe kweli kwenye orodha ya kazi. Kulibakiza uani kwa matumaini ya kulifufua hula vipuri, matairi na muda wa mafundi. Linapopelekwa mnadani, namba za PT, nembo, king'ora, vimulimuli na redio vitolewe, rangi ibadilishwe, na ofisa mmoja anayejulikana kwa jina na cheo atie sahihi kwamba amekagua kila kimoja kabla mnunuzi hajakabidhiwa funguo.