Kabla ya upasuaji wa uvimbe wa ubongo, muulizeni daktari atakomea wapi

Tangu nilipomuuguza dada yangu aliyepasuliwa uvimbe wa ubongo hapa Dar es Salaam, wenye wagonjwa wa namna hiyo huniuliza hospitali ipi ina mashine mpya. Mimi huwashauri wamuulize daktari jambo jingine: akiwa ndani ya fuvu, atajuaje uvimbe umeishia wapi? Uvimbe kama glioma hujipenyeza kwenye ubongo ulio mzima, na hata kwa hadubini si rahisi kuona mpaka wake.

Chombo kitakachotajwa mara nyingi ni nevigesheni, mfumo unaolinganisha kichwa cha mgonjwa na picha zake za MRI, ili daktari akigusa mahali aone kwenye skrini yuko wapi. Kwa hiyo msibebe karatasi ya majibu peke yake, bali na CD ya picha, na mwulize mapema kama picha hizo zinafaa kwa kazi hiyo, maana kurudia kipimo ni gharama. Hata hivyo, fuvu likishafunguliwa na maji ya ubongo yakapungua, ubongo husogea, na picha za awali hazilingani tena na hali halisi. Ndiyo sababu wapasuaji wengine huongeza altrasaundi papo hapo.

Kwa glioma kali ipo pia dawa ya kunywa iitwayo 5-ALA, inayoufanya uvimbe ung'ae wekundu chini ya mwanga wa buluu. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006, sehemu ya uvimbe inayong'aa kwenye MRI baada ya mgonjwa kuchomwa dawa ya kuukoleza iliondolewa yote kwa asilimia 65 ya waliopewa dawa hiyo, dhidi ya asilimia 36 ya wasiopewa.

Uvimbe wa dada ulikuwa karibu na sehemu ya lugha, na mama aliposikia kwamba mwanawe ataamshwa katikati ya upasuaji alikataa katakata, mpaka alipoelezwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu na kwamba ngozi ya kichwa hutiwa ganzi. Daktari hupitisha umeme mdogo juu ya ubongo huku mgonjwa akitaja picha. Akikwama, mahali hapo hapakatwi. Siku moja kabla, dada alitajishwa picha wodini: kikombe, jogoo, ufagio. Kila picha aliyosita kuitaja iliondolewa, ili akisita kesho yake isidhaniwe ni umeme. Kama mgonjwa wenu huzungumza kilugha nyumbani kuliko Kiswahili, mwambieni daktari kabla picha hizo hazijachaguliwa.