Riba ndogo redioni, riba kubwa benki: tofauti inakwenda wapi?

Swali: Mimi ni mhasibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya wakulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma. Tunataka kuchimba kisima, tufunge pampu ya sola na umwagiliaji wa matone. Redioni tunasikia mifuko ya tabianchi ya nje inakopesha kwa riba ndogo mno, ila benki tukatajiwa riba mara kadhaa ya hiyo. Tofauti anakula nani? Na kwa nini tusiuandikie mfuko wenyewe?

Jibu: Ndugu mhasibu, nianze na la pili kwa kuwa ni fupi. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao Songdo, Korea Kusini, haupokei maombi ya chama cha msingi. Fedha zake hupitia taasisi ulizozipa ithibati. Hapa nchini benki ya CRDB ilipata ithibati mwaka 2019, na mwaka 2021 mpango wake wa teknolojia za kilimo kinachohimili tabianchi ukapitishwa: dola milioni 200, nusu za Mfuko, nusu za benki. Mlango wenu uko tawini.

Sasa riba. Ile ya redioni ni ya dola, nanyi mnauza zabibu kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka 2024 ikafika 2,700. Chama kilichokopa dola 20,000 kilipokea milioni 46, lakini kurudisha mtaji tu, riba bado, kingehitaji milioni 54. Milioni nane zimeondoka na hakuna aliyeiba. Mzigo huo lazima aubebe mtu: mfuko, benki, serikali au ninyi. Anayewakopesha shilingi huku yeye anadaiwa dola ameshautia ndani ya riba.

Si sarafu peke yake, ingawa mabenki hupenda kuishia hapo. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 ya kuyakopesha mabenki kwa asilimia 3, kwa sharti kwamba mkopaji wa mwisho asitozwe zaidi ya asilimia 10. Humo hamna dola hata senti, na bado pengo ni 7. Pengo hilo ni ofisa mikopo anayekuja Hombolo kwa pikipiki, ni makaratasi, ni madeni yasiyolipika, na ndiyo, ni faida. Mnachoweza kukipunguza ni hofu ya deni kutolipika. Nendeni na hesabu zilizokaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na mkataba wa mnunuzi wenye tarehe ya malipo, maana zabibu ikishaiva haingoji mtu na wanunuzi wanalijua hilo. Waulizeni pia PASS Trust, taasisi inayowadhamini wakulima benki, kuhusu dhamana ya mkopo. Kisha kataeni marejesho ya kila mwezi: Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka, rejesho nalo lifuate mavuno. La sivyo mtakopa kwa jirani mkailipe benki.

Kabla ya yote hayo, maji. Hombolo kuna maji ya chumvi, na mzabibu hauyapendi. Pateni kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, mpimiwe eneo, na maji yakipatikana yapelekwe maabara kabla hamjaagiza sola. Gharama hiyo itoke kwenye hisa za wanachama, isitoke kwenye mkopo. Nimewahi kuona paneli zinang'aa juu ya kisima ambacho hata mbuzi walikikataa, na deni likaendelea kulipwa.

Swali la kumbana nalo ofisa: riba inapigwa kwenye deni lililobaki, au kwenye mkopo mzima hadi mwisho? Kwa mkopo wa miaka minne unaorejeshwa kila mwezi, asilimia 9 inayopigwa kwenye mkopo mzima ni sawa na 16 kwenye deni linalopungua. Mwambie aandike jibu kwenye ile barua ya masharti ya mkopo, na agonge muhuri.