Mweusi naye anaungua na jua?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi kijana wa huku Lindi, nafanya kazi kwenye majaruba ya chumvi. Ni mweusi tii na siku zote nilijua sisi jua halituwezi, ila msimu huu nimekokota chumvi wiki mbili kifua wazi, mabega yakababuka, halafu nimezidi kuwa mweusi kasoro mistari ya kandambili miguuni. Mdogo wangu ana ualbino, yeye nusu saa tu kashakuwa mwekundu. Hiyo melanini, rangi ya ngozi, inafanya kazi gani hasa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, mabega yamebabuka halafu na chumvi juu, sijui ulikuwa unalalaje.

Melanini inatengenezwa na seli zilizoko chini kabisa ya ngozi ya juu, na usidhani mzungu hana seli hizo, anazo karibu idadi ileile na wewe, ila zako zinajaza vifuko vikubwa vya rangi nyeusi na kuvigawa kwa seli jirani. Hapo ndo huwa napapenda, maana seli ikipokea vile vifuko inavipanga juu ya kiini chake upande wa jua, kama mama muuza samaki anavyousogeza mwavuli ukae juu ya beseni, yeye mwenyewe jua linampiga. Kwenye beseni ndo kuna DNA, yale maelekezo yanayoiongoza seli. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikigonga melanini inamezwa na kugeuka joto kidogo tu, imeisha hiyo.

Ila mwavuli unavuja. Kwa vipimo vinavyotajwa sana, ngozi nyeusi inapitisha kama asilimia 7 ya mionzi ya UVB (aina ya urujuanimno inayounguza ngozi), nyeupe asilimia 24. Hiyo 7 ukiipokea wiki mbili bila shati, tena kwenye majaruba ambako maji na chumvi vinarudisha mwanga ukupige na kwa chini, DNA inaumia, seli zilizoshindwa kujirekebisha zinajiua, ngozi inabanduka.

Na huo weusi mpya usikudanganye, melanini mpya inachukua siku kadhaa kuonekana na kinachoiamsha ni DNA kuumia, yaani mlinzi anaongezwa mwizi akishapita. (Wanaopaka mkorogo wao wanalipa hela kuchana mwavuli wao wenyewe, hayo tuyaache leo.)

Mdogo wako seli anazo kama zako, ila rangi hazitoi au zinatoa kidogo mno, mwavuli umebaki vyuma vitupu. Huyo majarubani asikanyage kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na akitoka avae kofia pana, mikono mirefu, apake losheni ya kukinga jua, hata siku ya mawingu. Mkague midomo, masikio na shingo, kidonda kikipitisha mwezi hakijapona mpeleke hospitali, msikae kukipaka dawa za dukani. Na wewe vaa shati.