Kijana wako asitie saini mkataba wa jeshi kabla hujakisoma kiambatisho chake

Mwambie mwanao asiende kuandikishwa katika jeshi la Marekani Jumatatu. Salamu nitakupa siku nyingine, dada yangu, kwa sababu nilisoma swali lako hadi pale uliposema kwamba sajini wa uandikishaji amemwahidi kijana wako wa miaka 18, mwenye ndoa ya miezi miwili, kuwa atapangiwa kambi ya karibu na nyumbani ili akae na mkewe, na kuanzia hapo sikuweza kuendelea kusoma kwa utulivu. Maneno hayo hayo yalisemwa sebuleni kwangu hapa Texas, tena na mtu mwenye adabu kuliko wachumba wote waliowahi kuja kuposa katika ukoo wetu.

Hiyo ahadi haipo. Mkataba wa kuandikishwa katika jeshi la Marekani ni fomu iitwayo DD 4, na ndani yake kuna aya inayosema kwamba ahadi zote alizopewa mwandikishwa na serikali ni zile zilizomo katika fomu hiyo na viambatisho vyake, na kwamba jambo jingine lolote aliloahidiwa na mtu yeyote ni batili na halitatekelezwa. Maneno hayo yamechapwa kwa herufi kubwa, na kijana anatakiwa aweke herufi za mwanzo za majina yake kuthibitisha kwamba ameyaelewa. Mwanangu aliziweka, kwa mwandiko safi kabisa. Mimi ambaye nikitoka dukani nasimama mlangoni kukagua risiti ya kuku mstari kwa mstari, karatasi hiyo sikuiona mpaka alipokwisha kuondoka.

Alikuwa na miaka 19 na ameoa karibuni. Sajini alikuja nyumbani mara kadhaa, akala pilau yangu, akaomba kuongezewa, akaniita mama. Alisema kijana atafanya kazi ya kompyuta, atapangwa katika kambi ya hapa hapa Texas, na mkewe atahamia kwake mara tu mafunzo yatakapokwisha. Alilolijua na hakulisema ni kwamba kijana wetu alikuwa na grinikadi tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, wala hakuwa raia, na kazi nyingi za kompyuta jeshini zinahitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, ambacho hupewa raia. Uraia kwa njia ya jeshi upo, lakini huombwa baada ya kuingia, wakati kazi huchaguliwa kabla. Mtu anayefanya uandikishaji kila siku hawezi kudai kwamba jambo hilo lilimpita. Ana idadi ya vijana anayotakiwa kuifikisha, na mwanangu alikuwa mmoja katika idadi hiyo.

Basi akafika MEPS, yaani kituo cha kupimwa na kuapishwa. Walilazwa hotelini, wakaamshwa kabla ya alfajiri, wakapimwa macho, masikio, damu na viungo, wakangojeshwa kwenye viti hadi mchana, ndipo akaitwa mbele ya mshauri wa kazi aliyekuwa na orodha kwenye skrini yake. Kazi ya kompyuta haikuwamo. Akaambiwa kwamba udereva wa malori upo na tarehe ya kuondoka ipo karibu, na kwamba nafasi hiyo huenda isiwepo kesho. Alipouliza kuhusu kambi ya Texas, akajibiwa kwamba hilo litashughulikiwa mbele ya safari. Kijana mwenye njaa, usingizi na mke mpya anayempigia simu kila baada ya muda mfupi hawezi kujadiliana na mtu wa namna hiyo. Akatia saini.

Amri yake ya kwanza baada ya mafunzo ilimpeleka Camp Humphreys, kambi ya jeshi la Marekani nchini Korea Kusini, mwaka mzima bila familia. Mkaza mwanangu alibaki kwangu. Fedha hazikukosekana, kwa maana posho ya nyumba iliingia, na ile ya kutengana na familia nayo iliingia, lakini sijui kama umewahi kuishi nyumba moja na bibi harusi aliyeolewa na kijana akajikuta anaishi na mama mkwe. Alikuwa akishika simu usiku wakati kule ni asubuhi, anaongea kwa kunong'ona jikoni ili nisisikie, nami najifanya sisikii. Ndoa yao ingalipo, alhamdulillahi, lakini mwaka wao wa kwanza waliuishi kwenye skrini.

Kinachoniuma ni kwamba kulikuwa na njia. Jeshi la nchi kavu lina utaratibu wa kumhakikishia mwandikishwa kituo chake cha kwanza. Hautolewi kila wakati wala kwa kila kazi, lakini ukitolewa huandikwa kwenye kiambatisho. Kwa hiyo kijana wako aende na karatasi yake mwenyewe aliyoandika mambo matatu: jina kamili la kazi, kituo cha kwanza, na fedha yoyote ya motisha aliyotajiwa. Kila moja alitafute kwenye kiambatisho kwa kidole. Lisilokuwamo, asimame, aseme atarudi siku nyingine, na aondoke bila kusaini. Hakuna anayeweza kumzuia mlangoni. Sajini atakasirika. Mwache akasirike, huyo hata pilau hajakulipa.

Mkewe naye asome. Atakuta mahali panaposema kwamba wajibu wote ni wa miaka minane, hata kama kijana amekuambia minne, kwa sababu miaka inayobaki baada ya utumishi huhesabiwa katika jeshi la akiba, na aliye katika jeshi hilo anaweza kuitwa. Hakikisha pia ndoa yao ina cheti cha kaunti, maana kama walifungishwa na shehe pekee bila leseni ya serikali, huenda jeshi lisimtambue huyo binti kuwa mke, na posho ya nyumba na bima ya matibabu navyo asivipate.

Umeuliza kama unaweza kumkatalia. Ana miaka 18, saini yako haihitajiki. Ingehitajika angekuwa na 17. Najua uliuliza pia habari za chuo na chakula halali kambini, na wengine humu watakujibu vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kujua jambo moja kwanza: hiyo Jumatatu anakwenda kuapa kwa mara ya kwanza au ya pili? Wengi huapa mara mbili. Baada ya kiapo cha kwanza huwekwa katika orodha ya kungoja, na katika kipindi hicho anaweza kuandika barua ya kujiondoa bila kufungwa wala kudaiwa, hata sajini akimtisha kwa lipi. Kiapo cha pili ni cha siku ya kuondoka, na baada yake ni mwanajeshi kamili. Muulize leo, kisha uniandikie hapa.