Kulungu, upinde na bustani za umma: maswali yenu

Barua nyingi za miezi hii zinauliza jambo moja. Inakuwaje kaunti tajiri zilizo karibu na mji mkuu Washington ziruhusu watu waue kulungu kwa mishale ndani ya bustani za umma, mahali ambapo wazee wanapunga upepo na watoto wanapanda baiskeli? Walioandika wengi ni Watanzania na Wakenya waishio Virginia na Maryland. Wengine wako nyumbani na wameona video tu. Nitaegemea zaidi mfano wa Fairfax, Virginia, ambako mpango wa kupunguza kulungu ulianzishwa mwaka 1998, baada ya mtu kufa kwenye ajali ya gari na kulungu mwaka uliotangulia. Upinde uliingizwa bustanini miaka kumi na kitu baadaye.

Njia ninayokimbilia asubuhi imebandikwa tangazo: wawindaji wa upinde wapo mpaka Februari, bustani iko wazi kama kawaida. Mume wangu anasema nihamie jimu. Nani yuko sahihi? (Mama wa Fairfax)

Kimbia tu, dada. Mwindaji wa mpango huu haruhusiwi kuzurura msituni na upinde mkononi akitafuta mnyama. Anapanda dungu lililofungwa kwenye shina la mti, anakaa kimya, anangoja kulungu apite chini yake au karibu. Ulengaji wake ni wa kuelekea chini, tena umbali wa mita 20 au 30 hivi, kwa hiyo mshale ukimkosa mnyama unazama kwenye udongo. Ndiyo sababu bunduki haikupewa kazi hii kwenye bustani zilizozungukwa na nyumba: risasi iliyopotea haijui mpaka wa bustani.

Dungu haliwekwi karibu na njia kuliko futi 50, wala karibu na mpaka wa kiwanja cha mtu kuliko futi 100. Jumapili hakuna uwindaji. Kila mwindaji amepekuliwa kumbukumbu za uhalifu, amesoma kozi ya usalama na amefaulu mtihani wa shabaha. Idara ya wanyamapori ya Virginia inaweka rekodi za ajali za uwindaji tangu 1959, na kaunti huwakumbusha wakazi wake kwamba katika rekodi hizo hakuna mpita njia hata mmoja aliyejeruhiwa na mpiga upinde anayewinda kulungu. Wanaoumia ni wawindaji wenyewe, kwa kuanguka kutoka madunguni.

Ila mbwa mfunge kamba. Mshale si tatizo kwake. Tatizo ni kwamba akinusa damu mbichi kwenye majani atakukokota nusu saa kuifuata.

Kulungu ni wa Mungu, msitu ni wa Mungu. Wamezidi kwa nani? (Msomaji wa Silver Spring, Maryland)

Wamezidi kwa msitu wenyewe. Karne ya 20 ilipoanza, kulungu mwenye mkia mweupe alikuwa karibu kwisha Marekani. Makadirio ya kawaida yanataja wanyama chini ya nusu milioni nchi nzima. Waliwindwa kwa ajili ya soko la nyama na ngozi bila kikomo. Ikaja sheria ya Lacey ya mwaka 1900 kuzuia biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria, halafu mwaka 1937 ikaja kodi ya bunduki na risasi ambayo fedha zake zinarudi kwenye uhifadhi. Leo wanakadiriwa kuwa kama milioni 30.

Lakini waliorudi ni kulungu peke yao. Mbwamwitu na puma, waliokuwa wakiwala, walikuwa wameshafutwa karibu mashariki yote ya Marekani, na hakuna kitongoji kitakachokubali warudishwe. Vitongoji navyo vikawajengea kulungu paradiso: vipande vya msitu vya kujificha, nyasi zilizomwagiwa mbolea, maua ya bei mbaya kila uwanja. Jike mwenye afya huzaa mapacha mwezi wa tano au wa sita. Pasipo mlaji, kundi linaweza kuwa mara mbili ndani ya miaka miwili au mitatu.

Ukitaka kuona kwa macho yako, ingia kwenye msitu wowote uliolemewa, uchutame. Kuanzia ardhini mpaka usawa wa kifua cha mtu hakuna jani laini. Mialoni mikubwa ipo, ila mwaloni mchanga hupati. Kilichobaki chini ni kangaga (Waingereza huziita fern) na nyasi ngeni kutoka Asia ambayo kulungu haigusi. Ndege wanaotaga kwenye vichaka vya chini wamekosa pa kutagia. Halafu tafuta mahali ambapo watafiti wamezungushia wavu mrefu kwa miaka kadhaa: ndani ya wavu kumejaa miche, nje ya wavu patupu, na udongo ni ule ule. Mimi wavu ulinishawishi kuliko takwimu yoyote.

Takwimu hata hivyo ni hii: wataalamu wa Fairfax wanasema msitu unaweza kuhimili kulungu 15 hadi 20 kwa maili moja ya mraba. Kuna bustani zilizopimwa zikakutwa na kulungu mara kadhaa zaidi ya idadi hiyo.

Dunia imeendelea. Kwa nini wasiwafunge uzazi badala ya kumwaga damu? (Mwanafunzi, Nairobi)

Wamejaribu, tena waliojaribu ni watu makini. Chuo Kikuu cha Cornell, kule Ithaca, New York, kiliwafunga mirija majike 77. Ndama walipungua kweli. Miaka mitano baadaye idadi ya kulungu ilikuwa pale pale. Jike aliyefungwa mirija hashiki mimba, kwa hiyo anaendelea kuingia joto mwezi baada ya mwezi, mpaka karibu na masika, wakati wenzake wa kawaida wameshatulia. Harufu hiyo ikayaita madume kutoka mbali. Waliokosekana kwa uzazi wakajazwa na wahamiaji. Mwishowe chuo chenyewe kikageukia upinde.

Staten Island, mjini New York, walichukua njia nyingine kuanzia 2016: kuyafunga uzazi madume. Idadi ilishuka, na kisiwa kinasaidia kwa kuwa kulungu lazima aogelee kutoka New Jersey ili aingie. Bei yake ilikuwa mamilioni ya dola. Kila mnyama lazima alazwe kwa dawa ya usingizi na apasuliwe na daktari. Kwa kisiwa chenye hela, sawa. Kwa kaunti ambayo kulungu wanavuka barabara usiku kucha kutoka kaunti jirani, mimi nisingetoa kodi yangu.

Nimeona video ya kulungu anatembea na mshale mgongoni. Huo si ukatili? (Dada wa Dodoma)

Video hiyo haikuigizwa. Mambo hayo hutokea, na wanaotetea mpango huu wakiyaficha wanajivunjia heshima.

Mshale unavyotakiwa kufanya kazi ni hivi. Kigumba chake si msumari. Kina wembe mbili, tatu au nne. Mwindaji anangoja mnyama asimame ubavu, analenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, na mshale unapita kwenye mapafu yote mawili na kutokea upande wa pili. Mnyama anaruka, anakimbia, mara nyingi haifiki mita 100, anaanguka kwa kuishiwa damu. Ni suala la sekunde. Upinde wenyewe ni wa kisasa, wenye vigurudumu kwenye ncha zote mbili, na ukishavutwa hadi mwisho uzito unapungua sana mkononi, hivyo mtu anaweza kushikilia akingoja mnyama ageuke vizuri.

Sasa upande wa pili. Kwenye kambi moja ya jeshi la wanamaji huko Maryland, watafiti walifuatilia wawindaji wa upinde kwa miaka mingi na kuripoti kwamba asilimia 18 ya kulungu waliopigwa hawakupatikana. Wapo waliopona, wapo waliokufia mbali. Na hao walikuwa wawindaji waliofundishwa na kupimwa shabaha. Kwangu hiyo ni namba nzito.

Njia yenye uhakika zaidi ipo. Rock Creek Park, katikati ya Washington, tangu 2013 serikali kuu imetumia wadunguaji wa kitaalamu wenye bunduki, usiku, bustani ikiwa imefungwa. Anayeniuliza ni ipi ninayoipenda nitamjibu hiyo, pale inapowezekana. Lakini ni ghali, na kwa vipande vidogo vya msitu vilivyobanwa na nyumba pande zote haiwezekani kila mahali. Upinde ni kimya, ni wa watu wa kujitolea, na haufungi bustani. Udhaifu wake mwingine ni kasi: unaondoa wachache wachache, na mahali pengi unazuia ongezeko tu. Ndiyo maana sheria za Virginia kaskazini zinambana mwindaji asikimbilie pembe: akitaka dume la pili, kwanza alete mnyama asiye na pembe. Ukiua madume tu, majike yote yatapata mimba na waliosalia. Anayewinda kwa ajili ya kichwa cha kutundika sebuleni haisaidii kaunti kitu.

Jirani yangu mzungu ni mwindaji, ameniletea paja la kulungu. Sisi Waislamu tunaruhusiwa? (Baba Salim, Woodbridge)

Mimi si sheikh, Baba Salim, kwa hiyo chukua haya kisha umuulize imamu wako. Uwindaji wa mshale una mlango wake kamili kwenye fiqhi, yaani sheria za Kiislamu. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu mnyama aliyepigwa kwa mshale. Ukimpiga kwa makali yake, mle. Ukimpiga kwa ubapa akafa kwa kishindo, usimle, huyo ni kama aliyepigwa rungu. Ukimkuta bado hai, mchinje. Akitumbukia majini akafa, mwache, hujui kilichomuua ni mshale au maji. Kigumba chenye wembe, basi, kwa upande wa kifaa hakina shida.

Kinachobaki ni nani aliyepiga na kama alitaja jina la Mungu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, kusema Bismillahi ni sunna iliyotiliwa mkazo. Wengine wanaiona ni wajibu. Kuhusu windo la watu wa Kitabu (Wakristo na Wayahudi) wanazuoni wengi wanalipitisha kama wanavyopitisha machinjo yao, lakini Imamu Malik hakulipitisha. Hapo ndipo pa kumuuliza imamu. Ukiona mashaka hayaishi, chukua leseni, upige mwenyewe.

Jambo la afya nalo usilipuuze. Kuna ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo, ulioonekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, na sasa umefika Virginia pia. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, ila kupika hakuui kinachousababisha, na serikali inashauri nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao isiliwe. Muulize jirani yako alipompiga na kama alipimwa. Hatachukia, wawindaji wa kweli wamezoea swali hilo.

Wakiwaua kulungu, kupe na ugonjwa wa Lyme vitaisha? (Msomaji wa Baltimore)

Usitegemee. Lyme huenezwa na kupe, na vimelea vyake kupe anavipata zaidi kwa panya. Kulungu ni mahali anapopandia na kunyonya damu akiwa mkubwa. Kisiwa cha Monhegan, Maine, kiliondoa kulungu wote mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupe wakapungua sana. Kuwapunguza nusu tu si sawa na kuwamaliza. Vaa soksi ndefu, jikague ukirudi.

Shikamoo mwandishi. Babu yangu alikuwa Mwaata, alifungwa kwa kuwinda na upinde Tsavo. Leo naona Mmarekani mwenye upinde anashukuriwa na serikali yake. Tofauti iko wapi? (Kijana wa Voi)

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii.

Waata, wawindaji wa nyika ya Tsavo huko Kenya, walikuwa wapiga upinde ambao hata wageni waliowakamata waliwastaajabia: upinde mzito kuliko wanaovuta hawa wa Fairfax, mshale wenye sumu ya mti, tembo mzima chini. Kampeni ya miaka ya 1956 na 1957 iliyoongozwa na David Sheldrick, msimamizi wa hifadhi ya Tsavo Mashariki, iliwamaliza kama wawindaji. Wengi wakaishia jela. Pembe zilikuwa zinauzwa, hilo ni kweli, na waliofaidika zaidi hawakuwa Waata.

Tembo wakaongezeka, miti ikaanza kuanguka. Mwanasayansi Richard Laws akataka wapunguzwe kwa bunduki. Sheldrick akakataa, akisema asili iachwe ijirekebishe. Wakabishana mpaka Laws akaondoka. Ukame wa 1970 na 1971 ukaua maelfu ya tembo kwa njaa, wengi wao majike na watoto. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote wa burudani, na ujangili wa bunduki ukaendelea na waliobaki. Kwa hiyo yeyote anayesema kutowinda hakuna gharama, mpeleke Tsavo.

Tofauti unayouliza haiko kwenye upinde. Iko kwenye karatasi: Mmarekani ana leseni, ana idadi aliyopangiwa, anaripoti kila mnyama, na mpango huo ulipitishwa na madiwani aliowapigia kura yeye. Babu yako hakuulizwa na mtu. Tembo pia si kulungu. Hazai mapacha kila mwaka, na soko la pembe halikuwahi kuwa na kikomo. Sisemi Waata wangeachwa wauze pembe. Nasema kulikuwa na watu waliojua kila njia ya mnyama katika nyika ile, na hakuna aliyefikiria kuwapa kazi.

Naendesha Uber usiku, Novemba inanitisha. Kulungu akitokea nifanyeje? (Dereva, Alexandria)

Novemba ndiyo msimu wao wa kupandana, madume yanavuka barabara bila kutazama, hasa magharibi na alfajiri. Kanyaga breki, shika njia yako, usimkwepe. Wapo waliokufa kwa kumkwepa wakavaa mti au gari lililokuwa likija. Na akishavuka mmoja usiongeze mwendo. Mara nyingi nyuma yake kuna wa pili.