Dokta, nichome sindano ya homoni?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 36, nimeoa. Karibu mwaka sasa hamu ya tendo imeisha, nachoka hovyo, hata ile ya asubuhi haisimami. Nikapima testosteroni, ile homoni ya kiume, jioni nikitoka kazini ikaja 270, wakasema iko chini. Jamaa wa jimu anataka kunichoma sindano. Na tunatafuta mtoto wa pili. Nichome?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichome, nakuomba sana. Testosteroni inakuwa juu asubuhi halafu inashuka kadiri jua linavyokwenda, kwa hiyo kipimo cha jioni kinaweza kumfanya mzima aonekane mgonjwa. Inatakiwa damu ya asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, hujala, na irudiwe siku nyingine, tena usiwe na malaria au homa maana ugonjwa nao unaishusha. Madaktari wengi wanaanza kushtuka chini ya 300, ila lazima na dalili ziwepo.

Daktari atakuuliza mengi na usimfiche kitu: kisukari, usingizi, msongo, dawa kali za maumivu kama tramadoli, sindano za kukuza misuli ulizowahi kuchoma zamani, matubwitubwi yaliyoshuka mpaka kwenye korodani. Atazishika korodani aone ukubwa, ataangalia nywele za mwili na kifua kama kimeota matiti. Aibu iache nyumbani.

Testosteroni ikija chini mara zote mbili ndio wanapima LH na FSH, homoni za tezi ya pituitari chini ya ubongo zinazoziamuru korodani. Zikiwa juu, basi korodani ndio zimeshindwa, na pengine watapima kromosomu, kuna wanaume wamezaliwa na X ya ziada na hawajui mpaka watafute mtoto. Zikiwa chini au za kawaida tu, shida iko huko juu, wanapima prolaktini (homoni ya maziwa), madini ya chuma, wakati mwingine picha ya MRI ya kichwa. Kama kichwa kinauma sana au huoni vizuri pembeni, sema siku ya kwanza.

Sasa hiyo sindano. Ukiingiza testosteroni ya nje pituitari inanyamaza, mbegu zinapungua hata kuisha kabisa, na kurudi ni miezi mingi. Wewe unatafuta mtoto! Halafu LH yako ikishavurugwa daktari atapata tabu kujua chanzo. Nenda hospitali ya mkoa na hiyo karatasi ya 270, omba na mbegu zipimwe.