Maswali Yenu Kuhusu Mshahara: Posho, Makato na Kinachobaki Mkononi

Barua za mwezi huu zote zinatoka Tanzania Bara, kwa hiyo hesabu zote hapa ni kwa sheria za Bara. Ili tusirudierudie, haya ndiyo madaraja ya kodi ya mshahara (PAYE) kwa mwezi tuliyoyatumia. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni 8% ya kinachozidi 270,000. Hadi 760,000 ni 20,000 na 20% ya kinachozidi 520,000. Hadi 1,000,000 ni 68,000 na 25% ya kinachozidi 760,000. Juu ya milioni ni 128,000 na 30% ya kinachozidi milioni. Mchango wa mfanyakazi NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ambao ni 10%, huondolewa kwanza, kodi inafuata.

Ndugu Mhariri, nimepata kazi katika kampuni binafsi. Wamenipa nichague: mshahara wa msingi 1,500,000 bila posho yoyote, au msingi 700,000 pamoja na posho ya nyumba 450,000, nauli 200,000 na chakula 150,000. Jumla ni ileile. Wenzangu wanasema nichukue ya posho kwa sababu posho haikatwi kodi. Bado nadaiwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Nishaurini. – Fundi mitambo, Dodoma

Wenzako wamekosea, ingawa tunajua walikoyatoa maneno hayo. Zipo posho za watumishi wa umma, zinazolipwa kutoka bajeti ya Serikali, ambazo Sheria ya Kodi ya Mapato imezisamehe. Wewe unakwenda kampuni binafsi. Huko posho ya fedha taslimu ni mapato ya ajira kama mshahara wenyewe, iitwe ya nyumba, ya nauli au ya simu. Isiyohesabiwa ni fedha unayorudishiwa baada ya kuitumia kwa kazi ya mwajiri, kama mafuta uliyoweka kwenda saiti ukaleta risiti.

Tupige hesabu. Kwa ofa zote mbili mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, ni 1,500,000. NSSF inachukua 150,000, inabaki 1,350,000 ya kukatwa kodi. Kodi ni 128,000 jumlisha 30% ya 350,000, yaani 233,000. Mkononi unapata 1,117,000, na ofa zote mbili ziko sawa hadi shilingi ya mwisho.

Tofauti inaanzia kwenye deni lako. Makato ya Bodi ya Mikopo ni 15% ya mshahara wa msingi. Ukichukua msingi wa 1,500,000 utakatwa 225,000 na kubaki na 892,000. Ukichukua msingi wa 700,000 utakatwa 105,000 na kubaki na 1,012,000. Ni 120,000 zaidi kila mwezi, na hapo ndipo wengi wanapovutika. Lakini deni halijapungua hata senti kwa ujanja huo. Limesogezwa mbele tu.

Sasa tazama upande wa pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inapotaja mshahara wa msingi, haihesabu posho ndani yake. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya msingi huo. Ili kupata thamani ya saa moja, gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa saa unazofanya kwa wiki. Kwa wiki ya saa 45, unaweza kugawanya mshahara wa mwezi moja kwa moja kwa 195. Kwa msingi wa 1,500,000, saa moja ya ziada ni 11,538. Kwa 700,000 ni 5,385. Fundi mitambo hakosi saa 10 za ziada kwa mwezi pale mashine zinapogoma, na saa hizo 10 zinakupa 115,385 upande mmoja na 53,846 upande mwingine. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ni mara mbili ya msingi, na ya usiku ina nyongeza ya 5%. Zote zinafuata msingi uleule.

Kuna pia kiinua mgongo. Mwajiri akikuachisha kazi baada ya kukaa mwaka mmoja au zaidi, na si kwa kosa la utovu wa nidhamu lililothibitishwa kihalali, lazima akulipe msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kwa miaka 6 ni siku 42. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki hugawanya mshahara wa mwezi kwa 26 kupata wa siku. Kwa ofa ya kwanza utaondoka na 2,423,077, kwa ya pili 1,130,769.

Ushauri wetu ni uchukue msingi mkubwa. Kama hali imekubana kiasi kwamba huwezi kuishi bila ile 120,000, basi omba angalau msingi ufike milioni moja, posho ziwe 500,000. Tena hakikisha posho zimeandikwa ndani ya mkataba zenyewe, kwa kiasi. Posho iliyoandikwa "kwa hiari ya mwajiri" inaweza kuondoka mwezi wowote.

Nimeahidiwa "milioni moja na nusu mkononi". Afisa utumishi anasema ameongeza 30% ya kodi, hivyo ghafi ni 1,950,000. Ni sahihi? – Mhasibu, Mwanza

Si sahihi, na anayeumia ni wewe. Ameisahau NSSF, tena kodi haikatwi kwenye kile kinachobaki mkononi, inakatwa kwenye kikubwa kilichotangulia. Kwa anayelipwa zaidi ya milioni moja baada ya NSSF, njia ya mkato ni hii: toa 172,000 kwenye unachotaka mkononi, kisha gawanya kwa 0.63. Hapo 1,328,000 gawanya kwa 0.63 ni 2,107,937. Jirudishe uhakikishe: NSSF 210,794, kodi 397,143, mkononi 1,500,000. Kwa ile 1,950,000 ungepata 1,400,500, pungufu ya 99,500 kila mwezi. Mwambie aandike mkataba kwa ghafi, si kwa mkononi. Sheria ya kodi ikibadilika Julai, neno "mkononi" huleta ugomvi wa nani abebe tofauti.

Kwenye slipu yangu kuna makato ya SDL na WCF. Hizi ni za nini? – Mpishi, Morogoro

Ya kwanza ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ya pili ni mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Zote mbili ni mzigo wa mwajiri, zinakokotolewa juu ya jumla ya mishahara na hazitoki mfukoni mwako. Zikiwa kwenye safu ya makato zikapunguza ulichopokea, umekatwa isivyo halali. Dai urudishiwe tangu mwezi wa kwanza. Zikiwa zimeandikwa pembeni kama gharama za mwajiri, hazikuhusu.

Hoteli yetu imemleta mpishi mkuu kutoka nje kwa mkataba wa miaka 2. Mshahara wake ni sawa na 8,000,000 kwa mwezi. Tunampangia nyumba ya 1,500,000, tunamlipia ada ya watoto wastani wa 1,000,000 kwa mwezi, ana gari la kampuni lenye injini ya sisi (cc) 2,500 na umri wa miaka 3, na tiketi za familia. Mimi huwa nakata kodi kwenye mshahara peke yake. Mkaguzi anakuja na nina wasiwasi. – Karani wa mishahara, Arusha

Wasiwasi wako una msingi. Anza na swali la ukaazi, kwa sababu ndilo linaloamua kiwango. Mgeni anayekaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka ni mkaazi kikodi, na anatozwa kwa madaraja yaleyale ya Mtanzania. Asiye mkaazi, kama mtaalamu wa miezi miwili anayekuja kufunga mitambo, hukatwa 15% moja kwa moja bila madaraja. Mpishi wako ni wa kundi la kwanza. Na kama sehemu ya mshahara inaingia benki ya kwao, nayo ihesabiwe: kazi inafanyika Arusha, kwa hiyo mapato ni ya Tanzania.

Sasa vile visivyo fedha. Ada ya shule inaingia yote, 1,000,000. Gari lina thamani maalumu kisheria: kwa sisi zaidi ya 2,000 hadi 3,000 lenye umri chini ya miaka 5 ni 1,000,000 kwa mwaka, yaani 83,333 kwa mwezi. Likizidi miaka 5 ni nusu yake. Kama kampuni haidai gharama za gari hilo kwenye hesabu zake za kodi, haliongezwi kabisa.

Nyumba ndiyo inayowachanganya wengi. Chukua vitu viwili, 15% ya mapato yake ya mwaka bila nyumba na kiasi ambacho kampuni inadai kama gharama ya nyumba hiyo. Kilicho kikubwa kati yao kilinganishe na kodi ya pango ya soko. Kinachohesabiwa ni kidogo kati ya hivyo vya mwisho. Kwako kampuni inalipa na kudai 18,000,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo bei ya soko, hivyo inaingia 1,500,000 kwa mwezi. Nyumba ingekuwa ya kampuni yenyewe, isiyolipiwa pango, mara nyingi ile 15% ndiyo ingetawala na kodi ingepungua.

Tiketi zimesamehewa, ila kwa masharti: awe ameajiriwa kutoka zaidi ya maili 20 kwa ajili ya kazi yenu tu, ziwe zake, za mwenza na watoto wasiozidi 4, na kiasi kiwe gharama halisi ya safari. Lipeni shirika la ndege na mtunze tiketi kwenye faili. Mkimpa bahasha ya "posho ya tiketi", mkaguzi ataiona kama posho. (Sharti hilo halimtaji mgeni, Mtanzania aliyeajiriwa Bukoba aje Arusha naye limo.)

Hesabu ya mwezi ni hii. Mshahara 8,000,000, toa NSSF 800,000, maana wageni walioajiriwa Bara nao huchangia. Inabaki 7,200,000. Ongeza ada, gari na nyumba, inakuwa 9,783,333. Kodi ni 128,000 jumlisha 30% ya 8,783,333, yaani 2,763,000. Wewe umekuwa ukikata 1,988,000. Upungufu ni 775,000 kwa mwezi, 9,300,000 kwa mwaka, kabla ya riba. Usingoje mkaguzi aje. Pelekeni marekebisho TRA (Mamlaka ya Mapato) wenyewe sasa. Na someni mkataba: kama umeandikwa "halisi baada ya kodi", hamwezi kumkata mpishi upungufu huo, na kodi mtakayombebea nayo ni mapato yake, itabidi kupiga upya hesabu ya ghafi.

Mimi ni keshia. Mwezi uliopita droo ilipungua 380,000. Bosi amekata yote kwenye mshahara wangu wa 520,000 bila kuniita. Niliambiwa ni sheria ya duka. – Keshia, Tanga

Pole sana dada. Sheria ya duka haiwezi kushinda sheria ya nchi. Mwajiri anaweza kukata fidia ya hasara pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa lako, amekuandikia chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata, na umepewa nafasi ya kutosha kupinga. Hata vyote vikitimia, makato hayazidi robo ya malipo yako ya fedha. Kwako robo ni 130,000. Amekata 250,000 zaidi ya kikomo, tena bila hatua zilizotangulia.

Mwandikie barua leo, taja tarehe ya mshahara na kiasi, omba maandishi ya hesabu ya droo: fedha ya kuanzia, mauzo ya mashine, malipo ya simu, marejesho. Mara nyingi upungufu ni malipo ya simu yaliyosomwa kama taslimu. Bakiza nakala iliyosainiwa kupokelewa. Asiporudisha, jaza fomu ya mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapo Tanga. Kwa madai kama haya muda ni siku 60 tangu makato yalipofanyika, kwa hiyo anza kuzihesabu tangu siku ile slipu ilipotoka.